Chakula cha Mchana Nyumbani kwa Mzee Shija

Nyie mnaosoma chuo huku mnauguza mtu nyumbani, sogeeni hapa, maneno haya ni yenu. Wengine wanaruhusiwa kusikiliza, ila wasinikatishe. Nilianza unesi nikiwa msichana mwembamba, nikastaafu nikiwa na magoti yanayolalamika kila ninapoinuka. Katika miaka yote hiyo, nyuma ya kila mgonjwa wa muda mrefu nilimkuta muuguzi mwingine ambaye hakusomea kazi hiyo, halipwi wala hana zamu. Wodini tulimwita ndugu wa mgonjwa, na muda wa kuona wagonjwa ukiisha tulimtoa nje. Siku ya kuruhusiwa tulimkabidhi mgonjwa wake na mfuko wa dawa, tukamtakia kila la heri, tukageukia kitanda kinachofuata. Yeye ndiyo kwanza anaanza kazi.

Nitaanza na mgongo, maana mgongo ukishaharibika hata digrii haikusaidii. Nikiwa mwanafunzi nilijiona nina nguvu kuliko wenzangu wote. Siku moja wenzangu wamekwenda kunywa chai, mfanyabiashara mmoja mnene aliyelegea kwa homa akataka kukaa. Nikamkumbatia kifuani, nikavuta kwa mgongo wote. Tukashuka wawili mpaka sakafuni, godoro likatufuata. Yule baba akaniangalia, akaniuliza kwa upole kabisa, "Sista, sasa nani atatuinua?" Tulikaa pale chini tukizungumza habari za biashara yake ya pamba mpaka chai ya wenzangu ilipoisha.

Basi jifunzeni kwangu. Msogelee mgonjwa mpaka nguo zenu ziguse. Kunja magoti, mgongo uache ulivyo. Mwambie unachotaka kufanya, hesabuni pamoja, na upande wake mzima uachwe ufanye kazi yake. Mwenye kiharusi msimvute kwa mkono ule uliopooza hata kidogo, bega lake litateguka na mtakuwa mmeongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Shati lianzie mkono mgonjwa, na wakati wa kuvua mkono huohuo uwe wa mwisho. Mkibadilisha utaratibu huo mtapigana na shati mpaka kipindi cha asubuhi kiwapite.

Mambo mengine yamebadilika, na mkiona bibi zenu wanafanya ya zamani waambieni kwa adabu. Sisi tulifundishwa kusugua mgongo wa mgonjwa kwa spiriti na poda ili asipate vidonda vya kitandani. Tulisugua kwa bidii, wodi nzima ikanukia. Leo tunajua kwamba ngozi iliyoanza kubadilika rangi ukiisugua unaimalizia. Dawa yake ni kumgeuza mara kwa mara, kuweka mto katikati ya magoti, na kuhakikisha visigino havilalii godoro. Poda mpakeni mtoto.

Haya, sasa habari ya Kabula. Ndiye aliyenifanya nikae niandike, na nimemwomba ruhusa. Alinikubalia kwa sharti moja, nisiandike jinsi alivyokuwa analia. Basi sitaandika.

Kabula ni jirani yangu hapa Buhongwa. Wakati ninaousimulia alikuwa mwaka wa tatu chuo, anasomea ualimu wa hisabati. Mama yake alishafariki. Baba yake, Mzee Shija, alikuwa mfugaji kijiji kimoja jirani na Bujora, akahamia mjini umri uliposogea. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia wote, mkono na mguu, pamoja na ulimi. Aliyoambiwa alielewa yote, lakini ya kwake hayakutoka. Siku nzuri alitoa neno moja, mara chache mawili, na kila neno alilisukuma utadhani anasukuma mkokoteni mlimani.

Watu wa kusaidia walikuwepo kwa kuhesabu, lakini kwa kazi walikuwa wachache. Kaka yake Kabula anafanya kazi Geita, naye aliuguza kwa simu. Kila jioni alipiga kuuliza mzee amekula nini, kisha akatoa ushauri, kisha akakata. Enzi za kivuko, kabla ya daraja, alikuwa na kisingizio cha foleni ya Busisi. Binamu yao, Luhende, ana bodaboda, na huyo ndiye aliyefika alfajiri kumwogesha mzee kabla hajaingia barabarani, maana binti hamwogeshi baba. Luhende akiondoka, yaliyobaki yote yalikuwa ya Kabula.

Alinijia Jumamosi moja mchana. Akanisalimu shikamoo, nikaitikia, nikamwonyesha kiti, hakukaa.

"Sista, nakuomba uje umtundikie baba dripu," aliniambia. "Hali kabisa. Na Jumatatu naenda chuo kuahirisha mwaka."

Dripu. Huku kwetu mtu akikosa hamu ya kula wanataka dripu, akikosa usingizi dripu, nadhani siku moja mtu ataachwa na mchumba wake waniite na chupa ya maji ya chumvi. Nilimvuta mkono nikamkalisha. Kidogo kidogo akaeleza. Asubuhi alimlisha baba yake uji, akaenda chuo. Mchana alirudi mbio kumlisha chakula, na shughuli hiyo ilimmalizia alasiri yote: anasogeza kijiko, mzee anafumba mdomo, anabembeleza, anapasha moto tena, anasogeza tena. Mwishowe vijiko vitatu vinne, na vipindi vya mchana vimempita. Mahudhurio yake yalikuwa mabaya kiasi kwamba huenda angezuiwa kufanya mitihani ya mwisho. Na hospitali walishamwambia kwamba mzee akiendelea kupungua hivyo watampitishia mpira puani wa kumlishia.

Nilimuuliza anaogopa nini zaidi katika hayo mawili. Akasema anaogopa kuahirisha, kwa sababu kati ya aliowafahamu walioahirisha mwaka ili wauguze hajamwona hata mmoja aliyerudi. Kisha akasema anajiona mbaya kwa kufikiria hivyo wakati baba yake anakufa kwa njaa mbele yake. Mimi nilimwona binti mwenye njaa na usingizi. Nikavaa kanga, tukaenda.

Nesi huanza na koo. Nilimkalisha Mzee Shija wima, mito nyuma, kidevu kimeinama kidogo, nikampa maji kwa kijiko. Akameza vizuri, hakukohoa, na alipoguna sauti yake haikuwa na majimaji. Nikamwangalia mdomoni kwa tochi, hakuna kidonda, na meno aliyobakiza ni mazima. Nikachukua kijiko cha wali laini wenye mchuzi. Akafumba mdomo, akageukia ukuta. Nilipojaribu tena akanisukuma kifundo cha mkono kwa ule mkono wake wa kushoto, na nawaambia, ule mkono ulikuwa umekamata ng'ombe maisha yake yote. Koo zima, meno yapo, nguvu ipo. Dripu ya nini?

Nikakaa nikaangalia chumba. Kabula alikuwa amefanya kila kitu kwa mapenzi na kwa usafi. Mapazia yamefungwa, mlango umefungwa, kwa sababu daktari alisema mgonjwa apumzike. Wageni wote walirudishwa mlangoni, kwa sababu hakutaka watu wamwone baba yake akidondosha chakula. Sahani ya kioo ya peke yake. Taulo shingoni, limefungwa fundo nyuma. Ningekuwa bado kazini ningempa alama zote.

Ila lile taulo lilinikumbusha Sista Perpetua. Huyu alikuwa mkuu wa wodi wakati najifunza kazi, mwanamke mfupi aliyetembea kimyakimya, ukishtuka yuko nyuma yako. Siku moja alinisikia nikimgombeza bibi mmoja mgonjwa kwa kukataa uji. Alinilaza kitanda kilichokuwa wazi, akanifungia taulo shingoni, akaniambia kuanzia sasa sina ulimi na sina mkono wa kulia, kisha akamwita mwanafunzi mwenzangu anilishe bakuli zima. Yule mwenzangu tulikuwa tunalala chumba kimoja na tunaazimana viatu. Bakuli halijafika nusu nilikuwa namchukia. Kijiko kinakuja bado sijameza. Kijiko kinagonga meno. Mtu anakufuta mdomo hujamwomba. Sista Perpetua aliponifungua aliniambia niende nikamwombe radhi bibi, na uji ulikuwa umepoa, niupashe. Nilijifunza zaidi alasiri ile kuliko muhula mzima, na tangu siku hiyo mgonjwa akikataa chakula huwa natazama kwanza anayemlisha na namna anavyomlisha.

Kwa hiyo nikamfungua Mzee Shija taulo. Nikaweka kiazi kitamu kilichochemshwa juu ya kigoda upande wake wa kushoto, nikamwambia Kabula twende jikoni tukaoshe vyombo. Tulitoka, ila mimi nilibaki kwenye upenyo wa mlango, maana mgonjwa wa kiharusi hupaliwa haraka na siwezi kumwachia chakula nisimwangalie. Mzee alitazama mlango. Akasikiliza. Akakichukua kiazi kwa mkono wa kushoto, akakila taratibu, akatafuna vizuri mpaka kikaisha, akajifutia blanketi. Tulipoingia, mkono ule aliuficha chini ya shuka haraka sana.

Kabula alifurahi akataka kuanzia pale awe anamwachia chakula anatoka. Nikamkatalia. Nimeona mtu akipaliwa, sitaki kuona tena. Tukawa tumepata fundo letu kamili: mzee anaweza kula, anataka kula kwa mkono wake, lakini hataki kuonekana, na sisi hatuwezi kumwacha bila kumwona.

Nilimuuliza Kabula kwa nini baba yake aufiche mkono. Alifikiri kidogo, uso ukambadilika.

"Tulipokuwa wadogo," alisema, "mtoto akipeleka mkono wa kushoto kwenye chakula, baba anamwinua. Unalala hujala."

Mimi ni Mkerewe. Nimeishi na Wasukuma miaka mingi, nimezalisha watoto wao, nimezika nao, na hata kwetu mkono wa kushoto hauingii kwenye chakula cha watu. Lakini nilikuwa natazama kiharusi, sikumtazama baba wa watu aliyewafundisha wanawe adabu miaka yote hiyo na sasa amebakiwa na mkono mmoja, ule alioukataza.

Nilitoka pale moja kwa moja mpaka kwa Mzee Maduhu. Huyu ni fundi baiskeli aliyeacha kazi baada ya macho kupungua nguvu, na yeye na Mzee Shija wametoka kijiji kimoja. Nilimkuta amenuna. Alishakwenda mara mbili kumwona mwenzake akarudishwa mlangoni kwamba mgonjwa anapumzika, na mara ya pili aliambiwa hivyo huku amebeba kuku. Akaniuliza anapumzika kutoka kazi gani.

Nilimwomba radhi kwa niaba ya Kabula na ya daktari na ya serikali nzima. Akalainika. Ndipo akanieleza habari ya shikome. Ni mahali pa moto mbele ya nyumba, wanaume wa jirani walipokusanyika jioni, kila mmoja akaletewa chakula kutoka kwake, wakala pamoja na kuzungumza mpaka usingizi uwachukue. Yeye na Shija walianza kukaa pale wakiwa watoto wa kutumwa kuni.

"Sista, yule hajui kula peke yake," alisema. "Mkimfungia ndani na sahani yake mwenyewe, mnamwambia ameshakufa."

Nikamweleza habari ya mkono. Akautazama mkono wake mwenyewe, akaukunja na kuukunjua. Kisha akatoa maagizo utafikiri yeye ndiye nesi. Kesho saa saba atakuja. Kabula apike ugali, aachane na wali wa wagonjwa. Chakula kiwekwe nje kibarazani, na sahani iwe moja.

Nami nikatoa masharti yangu. Ugali uwe laini, mboga iwe mlenda ili uteleze vizuri, kama ni sato atolewe miiba yote. Mzee akae wima. Matonge yawe madogo, na mtu amalize kumeza kabla ya lingine. Na muhimu kuliko yote, asichekeshwe akiwa na tonge mdomoni. Mzee Maduhu akasema masharti yote anayakubali ila hilo la mwisho litamsumbua.

Jumapili tukamtoa mzee kibarazani, tukamkalisha kitini na shuka lake mapajani. Kazi hiyo ilikuwa ya Luhende na mimi, magoti yamekunjwa, tumehesabu pamoja, na mtu hakuanguka. Mzee alifumba macho kwa mwanga. Mzee Maduhu akaja amevaa shati la kanisani, akamsalimu Kisukuma, akakaa mkabala naye, akaanza kumlalamikia bei ya mahindi kana kwamba waliachana jana. Kabula akaleta ugali na mlenda na sato, akarudi na jagi na beseni la kunawa. Nimesimamia mengi wodini lakini mchana ule niliogopa, kwa sababu mzee akikataa pale, mbele ya rafiki yake, sikuwa na wazo lingine.

Kabula akaanza na mgeni, kama inavyotakiwa. Mzee Maduhu akautoa mkono wa kushoto.

Binti akasimama na jagi juu, maji hayamwagiki. Hakujua amtazame nani.

"Mimina, mwanangu," Mzee Maduhu akamwambia. "Wa kulia unaniuma leo."

Akamimina. Mzee Maduhu akanawa ule wa kushoto polepole, vidole vyote, akakung'uta. Kabula akamgeukia baba yake, akainama na beseni. Mzee Shija alilitazama beseni. Akamtazama Maduhu, ambaye kwa wakati huo alikuwa anahangaika kumega ugali kwa mkono usiozoea, tonge limekataa kabisa kuwa duara, mlenda unamchuruzika mpaka kiwikoni. Nilimwona Mzee Shija akimtazama. Kisha mkono ukatoka chini ya shuka.

Alikula. Tonge dogo, akatafuna, akameza, akachovya tena. Mara moja alikohoa nikaruka kwenye kigoda, akaniangalia kwa jicho la kuniambia nikae. Alipofika kwenye sato nilikwenda nyuma ya nyumba nikasingizia naangalia moto. Nililia kule, na sioni haya kusema. Sharti la kutoandika machozi lilikuwa la Kabula, halikuwa langu.

Jumatatu Kabula alikwenda chuo kama alivyosema, ila alikwenda kusoma. Nilimpa kazi nyingine, aende kwa mhadhiri wake amwambie ukweli wa nyumbani. Hakuwa amemwambia mtu yeyote chuoni. Alidhani watamwona anatafuta huruma, akaacha wamdhanie mvivu. Mhadhiri akamsikiliza, akampangia kazi za kufidia majaribio aliyokosa, akamuuliza kwa nini alikaa kimya muda wote huo. Hili nawaambia na nyie kwa nguvu: semeni mapema. Watu wa chuo hawana tochi ya kumulika nyumbani kwenu.

Jambo jingine ni namna ya kuomba msaada. Mkiuliza nani atanisaidia, kila mtu atasema tuko pamoja, na mtabaki peke yenu. Kabula alikuwa na majirani wengi walio pamoja naye. Nilimfundisha kumwambia mtu mmoja jambo moja na saa yake: mzee, njoo kesho saa saba ule na baba. Mtu aliyealikwa kula hukumbuka.

Na kweli walikuja. Mzee Maduhu alimleta mwenzake, mwenzake akaleta mwingine, kila mmoja na kibakuli cha kwake kutoka nyumbani. Wote mkono wa kulia ulikuwa unawauma. Mtaa mzima ukatucheka, wakaniuliza ugonjwa gani huu unaoingia kwa wazee saa saba na kupona saa nane. Mmoja wao, mnyamavu sana, siku ya kwanza alikula kwa wepesi wa ajabu, matonge yake mazuri kuliko ya wote. Tukamtazama. Akakiri kwamba yeye ni mashoto tangu kuzaliwa, alichapwa mpaka akauacha, na hajawahi kufurahia ugali kama siku hiyo.

Nilimfundisha Mzee Maduhu cha kufanya mtu akipaliwa, nikamfundisha kumwangalia mwenzake upande wa shavu la kulia, maana chakula hujificha pale bila mwenyewe kuhisi. Aliifanya kazi hiyo kwa kumwambia tu, "Shija, umeweka akiba." Kwa wiki chache za kwanza sikuondoka. Baadaye nilianza kuchelewa makusudi, nikakuta wanaendelea vizuri. Mashavu ya mzee yakajaa. Hospitali hawakuutaja tena ule mpira. Na kaka wa Geita, daraja la Busisi lilipofunguliwa, nilimpigia mwenyewe nikamuuliza sasa foleni iko wapi. Alikuja Jumapili hiyohiyo. Alipopeleka mkono wa kulia kwenye sahani wazee wakamtazama mpaka akaubadilisha.

Sitawadanganya kwamba mambo yote yalinyooka. Kuna siku mzee aliamka na hasira akamwaga uji. Kuna siku Luhende aliharibikiwa pikipiki na hatukuwa na wa kumwogesha mpaka adhuhuri. Kabula alijifunza kusoma kwa vipande. Alimnyoosha baba yake vidole huku anamsomea hesabu kwa sauti, na mzee, ambaye hakufika darasa la saba, akawa anatikisa kichwa kukubali milinganyo. Lakini alasiri zilikuwa zake. Alihudhuria, akaruhusiwa kufanya mitihani, na ili msihangaike, nawaambia kabisa kwamba alifaulu.

Ila ninachotaka mkijue ni siku ya mtihani wa mwisho. Ulikuwa wa mchana, unapita saa saba. Asubuhi hiyo Mzee Maduhu alikuwa kwenye msiba Kisesa, na wale wengine hatukuwa na uhakika nao kwa sababu marehemu alikuwa wa huko kwao pia. Mzee alikuwa na tabia kwamba wageni wasipofika, hali. Nilimwambia Kabula mimi nipo. Akanijibu kwamba mimi baba yake haniogopi wala hanipendi wakati wa chakula, na alisema kweli. Akaweka begi chini.

"Siendi," alisema.

Mzee alikuwa kitini. Alipiga mkono wa kiti kwa kiganja, tukageuka. Alianza kusukuma neno, likagoma, akapumzika, akaanza tena.

"Nenda," alisema. Kabula akataka kubisha. Mzee akainua kiganja anyamaze, kwa sababu lilikuwa linakuja jingine. "Nina wageni."

Alilisema kwa fahari ya mwenye nyumba. Kabula akabeba begi.

Saa saba ilifika kibaraza kikiwa kitupu. Niliivisha mlenda, nikauepua, nikaurudisha. Mzee alikaa ametazama barabara, hakuwa na wasiwasi hata kidogo, wasiwasi wote alikuwa ameniachia mimi. Kisha yule mashoto akatokea. Nyuma yake mwingine. Na mwisho kabisa Mzee Maduhu, vumbi la msibani mpaka kwenye nyusi, akilalamika kwamba kule wamemtaka ale kwa mkono wa kulia na sasa umechoka kweli. Mzee Shija alicheka, na tonge lilikuwa mdomoni, nikawagombeza wote wanne.

Kabula alirudi jioni akikimbia kutoka barabarani, begi linampigapiga mgongoni. Wazee walikuwa bado wapo, wameshiba, wanazungumza. Hakusalimia. Aliniuliza mimi kwanza, kama alivyoniuliza kila siku ya Mungu.

"Amekula?"

Nikamwambia amuulize mwenyewe, yupo hapo. Akamgeukia baba yake, akachuchumaa mbele ya kiti. Mzee alimtazama muda, akamtazama midomo iliyokauka. Akaanza kusukuma. Wazee wakanyamaza kumpisha.

"Wewe," alisema. Akapumua. "Umekula?"

Hakuwa amekula tangu jana yake usiku. Na katika miezi yote ile hakuna hata mmoja wetu, wa chuoni, wa Geita, wala mimi nesi mzima, aliyewahi kumuuliza. Kabula akakaa chini palepale miguuni pa baba yake. Mimi nikaenda jikoni kumpakulia.